Kutu Chini ya Rangi: Je, Anyamazaye Amedanganya?

Walimu wenzetu, mada tunayoileta mbele yenu safari hii imetoka mahali ambapo makala za jarida hili hazizoei kutoka. Haikutoka maktabani wala darasani, bali chini ya gari kuukuu, katika karakana moja ya Katwe mjini Kampala, mahali ambapo mtu hulala chali juu ya boksi lililotandazwa, na vumbi la kutu humwangukia machoni. Hapo ndipo tulipolazimika kujibu swali ambalo kwa miaka mingi tumewapa wanafunzi wetu waliandikie insha, bila ya sisi wenyewe kuliweka katika mizani: je, mtu aliyenyamaza juu ya jambo analolijua, amedanganya?

Ili swali lieleweke, hatuna budi kwanza kulieleza gari lenyewe, kwa kuwa jibu limo katika jinsi lilivyoundwa.

Gari ni Mini, la mwaka 1974. Kwa wenzetu vijana wasiolijua, Mini ni gari dogo la Kiingereza lililobuniwa na Alec Issigonis katika kampuni ya British Motor Corporation. Mgogoro wa Suez wa mwaka 1956 ulikuwa umeiadimisha petroli nchini Uingereza, na kampuni ikataka gari litakalotumia mafuta kidogo. Mini likaanza kuuzwa tarehe 26 Agosti 1959. Urefu wake ni kama mita 3 tu, injini imelazwa kwa upana, na giaboksi imewekwa chini ya injini ili nafasi ibaki kwa watu. Lilitengenezwa hadi mwaka 2000, na kufikia hapo yalikuwa yametoka zaidi ya milioni 5.

Lori lina chesisi, na bodi hukaa juu yake. Mini halina chesisi ya namna hiyo. Bodi yake ni sanduku la bati jembamba lililokunjwa na kuunganishwa, likajibeba lenyewe. Chini ya sanduku hilo zimefungwa fremu mbili. Fremu ya mbele hubeba injini, giaboksi na magurudumu ya mbele. Fremu ya nyuma hubeba mikono ya magurudumu ya nyuma pamoja na mipira migumu inayofanya kazi ya springi. Fremu hii ya nyuma imeshikwa kwenye bodi mahali pane: pawili mbele, kwenye ukuta mfupi wa bati ulio chini ya kiti cha nyuma; na pawili nyuma, chini ya sakafu ya buti. Basi mwendo wote wa nyuma wa gari, pamoja na watoto waliokaa kwenye kiti kile, umetegemea mahali hapo pane.

Fremu yenyewe ni bati lililokunjwa likawa kama bomba la pembe nne. Magurudumu hurusha maji na tope, vikapenya ndani ya bomba hilo, na kwa kuwa havina njia rahisi ya kutokea, hukaa humo. Huko Uingereza mambo ni mabaya zaidi, kwani wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na maji ya chumvi huiharakisha kutu. Kwetu hapa hakuna chumvi barabarani, lakini kuna mvua za misimu miwili, na kuna tope jekundu ambalo huganda chini ya gari na kuutunza unyevu hata katika siku za jua.

Tuseme neno moja juu ya kutu. Kutu si uchafu unaokuja kutoka nje ukatua juu ya chuma. Ni chuma chenyewe, kilichoungana na oksijeni mbele ya maji. Alumini nayo huungana na oksijeni, lakini utando unaofanyika hushikamana nayo na kuikinga. Kutu ya chuma haikingi. Ina vinyweleo, humomonyoka, na kila tabaka linaloanguka hulifungulia njia tabaka la chini yake. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila; ndiyo sababu rangi huvimba kabla ya kupasuka. Mwenye gari akiona juu ya rangi kivimbe kidogo kama punje ya mtama, hudhani kwamba ndiyo habari ya kwanza. Aghalabu ni ya mwisho. Kazi imekwisha kufanyika kwa ndani, zamani.

Gari hili tulilinunua mwaka 2015, likatupeleka shuleni na kuturudisha kwa miaka minane. Mwaka 2023 tuliamua kuliuza. Binti yetu alikuwa amepata nafasi chuoni, na karo ilikuwa haijatimia. Mwalimu mmoja kijana wa shule ya jirani alikuwa amelitamani gari hilo kwa muda mrefu. Alikuja nyumbani, akalizunguka, akapitisha kiganja juu ya rangi, akakaa kwenye usukani, akacheka kwa furaha. Tukapatana bei. Hakuinama kutazama chini. Alituamini kwa sababu sisi ni walimu kama yeye, na kwa sababu tumemtangulia kazini.

Kulikuwa na mgongo wa sauti, kitu kikigonga kwa nyuma kila gari lilipopita shimoni. Tukaona si uungwana kumkabidhi mtu gari linalogonga, tukalipeleka Katwe kwa mzee mmoja ambaye amezishika spana tangu ujana wake. Alilala chini, akasikiliza, akagonga hapa na pale kwa mpini wa bisibisi, kisha akatoka akasema kwamba fremu ya nyuma sharti ishushwe.

Kazi hiyo haitaki pupa. Betri ya Mini hukaa ndani ya buti, basi huanza kufunguliwa hiyo. Petroli hutolewa, na tangi, ambalo liko upande wa kushoto wa buti, huondolewa na kuwekwa mbali, kwani huko nyuma yake ndiko iliko boliti ya juu ya shokomzoba ya upande huo. Bomba la breki hufunguliwa kwenye kiungio chake, kebo ya breki ya mkono huchomolewa, na ekzosi hushushwa. Bodi huinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya vigingi imara. Mwenye akili haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kisha hubaki boliti za mahali pale pane, nazo ndizo zinazompima fundi. Katika miaka ile yote kutu ilikuwa imeziunganisha boliti na nati zake zikawa kitu kimoja. Anayezilazimisha huzikata vichwa. Mzee alizinywesha mafuta jioni, akaziacha zilale. Asubuhi akazipasha moto, akazigonga polepole, akawa anazizungusha robo mbele na robo nyuma, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Nyingine zilikubali. Mbili zilikatika.

Fremu iliposhuka, tuliona. Bisibisi ilizama katika ubavu wake wa kushoto kama inavyozama katika papai lililoiva. Lakini hilo halikutushangaza sana, kwa maana fremu ya nyuma ya Mini inajulikana kwa ugonjwa huo. Lililotushangaza ni bodi. Vizingiti vya milango tulivyokuwa tukivikanyaga kwa miaka minane havikuwa vizingiti vya gari hilo. Zamani, mtu fulani alikuwa amechukua mabati mapana, akayafunika juu ya vizingiti vilivyooza, akayachomelea kingoni, akayapaka rangi. Vizingiti vya asili vya Mini ni vyembamba. Vile vipana hukusanya maji kati ya bati jipya na bati bovu, na kutu hustawi gizani. Na katika ule ukuta mfupi, mahali hasa fremu inaposhikwa, palikuwa na tundu la kutosha ngumi ya mtoto. Ndani ya tundu kulishindiliwa karatasi za gazeti. Juu ya gazeti kulipakwa puti. Juu ya puti kulipakwa rangi nyeusi ya lami. Mzee alizivuta karatasi zile kwa koleo, akazitandaza sakafuni bila ya kusema kitu.

Kisha akasema: "Mwalimu, kuna njia mbili. Nikikata kilichooza mpaka nifike kwenye chuma kizima, ni wiki nyingi, na fedha utaziona. Nikiziba kama alivyoziba mwenzangu, ni siku mbili pamoja na rangi. Huyo anayenunua halali chini ya gari."

Tukamwuliza: "Na wewe, Mzee, ungefanya lipi?"

"Mimi ni mikono," akajibu. "Wewe ndiwe mwenye gari. Sema."

Tungependa kuwaambia wasomaji kwamba tulijibu papo hapo. Haikuwa hivyo. Tulirudi nyumbani na lile neno, na usiku ule tulijitetea vizuri kuliko wakili. Tulisema: yeye hakuuliza, nasi hatukumwambia uongo hata mmoja. Tulisema: bei yenyewe ni ndogo, na kila mtu anajua kwamba gari la miaka mingi halikosi kutu. Tulisema: sisi wenyewe tuliuziwa hivi hivi, na hakuna aliyetuonea huruma. Tukasema hata kwa methali, maana mwalimu wa Kiswahili hakosi methali ya kumfaa: yaliyopita si ndwele. Na chini ya hoja zote hizo ilikuwamo ile iliyozizaa, nayo ni karo ya binti yetu.

Hoja hizi si mpya duniani. Mrumi Cicero, katika kitabu cha tatu cha maandishi yake juu ya wajibu, aliyoyatunga mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia mjadala wa wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso. Mtu anauza nyumba. Nyumba ina kasoro anazozijua yeye peke yake: ina madhara kwa afya, mbao zake ni mbovu, na nyoka huonekana vyumbani. Je, awaambie wanunuzi? Diogenes anashika upande wa muuzaji. Hakumlazimisha mtu kununua. Kutosema si sawa na kuficha. Na itakuwa kichekesho mnadi kusimama sokoni akitangaza kwamba anauza nyumba mbovu. Antipater anakataa. Kumwacha mtu aangamie kwa kosa ambalo ungeweza kumwepusha nalo, kwake ni kama kumwona aliyepotea njia na kukataa kumwelekeza, na tena ni vibaya zaidi. Cicero mwenyewe anaamua pamoja na Antipater. Anakubali kwamba si kila kunyamaza ni kuficha, lakini unapotaka, kwa faida yako, wenzio wasijue jambo ambalo lingewafaa kulijua, hapo umeficha.

Katika mafunzo ya Kiislamu nako kuna kisa kilichopokewa katika Sahihi ya Muslim, cha Mtume aliyepita sokoni akaingiza mkono katika lundo la nafaka, vidole vikagusa unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba mvua ndiyo iliyoilowesha. Naye akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu, watu wakaiona. Kisha akakemewa kwa udanganyifu. Tuangalie vizuri jambo lililokemewa. Hakukemewa kwa sababu mvua ilinyesha. Kulowa si dhambi. Kilichokemewa ni mpango wa lundo: kavu juu, mbichi chini. Hali kadhalika, kutu ya gari letu haikuwa hatia ya mtu. Hatia ni kule kuipanga gazeti ndani, puti katikati, rangi juu.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia kupambanua. Kunyamaza ni tendo la mdomo. Kuficha ni tendo la nia. Mtu anaweza kunyamaza bila ya kuficha, kama anaponyamaza juu ya mkwaruzo ambao kila mwenye macho anauona. Anaweza pia kuficha huku akisema sana. Usiku ule tuliona kwamba ukimya wetu ungefanya kazi kwa sababu moja tu: yule mwalimu kijana alikuwa ametuamini. Lau angalikuwa mtu wa kutushuku, angalileta fundi wake, na ukimya wetu usingalifaa kitu. Uongo wa maneno hutumia maneno kuwa chombo chake. Uongo wa kimya hutumia imani ya mwenzio. Kwa hiyo hatukubali tena kwamba huo wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza. Pengine ni mzito zaidi, kwani humfanya aliyedanganywa ashiriki katika kujidanganya, na akijua baadaye hujilaumu yeye mwenyewe: "Kwa nini sikuuliza?"

Atakuja mwenye kutuuliza: je, muuzaji aeleze kila kitu? Akae na mnunuzi siku nzima akimsomea orodha ya kila msumari? La. Tunaona kwamba wajibu wa kusema unasimama pale mambo matatu yanapokutana: kasoro iwe imefichika kwa macho ya kawaida, wewe uwe unaijua, na iwe ya namna ambayo mwenzio angaliijua angaligeuza nia yake, au ingeweza kumdhuru. Mkwaruzo wa mlangoni haumo. Kiti kilichofifia hakimo. Tundu lililozibwa kwa gazeti, mahali panaposhika magurudumu ya nyuma, limo kwa yote matatu. Siku ukuta ule ungekatika, gurudumu lingeacha njia yake, gari likiwa barabarani.

Na ile hoja kwamba nasi tuliuziwa hivyo? Tulipoichunguza, ilitugeukia. Yumkini aliyetuuzia hakujua. Yumkini naye alinunua rangi, kama sisi. Huu ni mnyororo wa kimya, na ndani ya mnyororo huo wengi hawana hatia kwa kuwa hawakulala chini ya gari. Lakini hufika zamu ya mtu mmoja ambaye ameona. Kwake yeye methali ya ndwele haikatiki hapo tulipoikata usiku ule. Ina nusu ya pili: tugange yajayo. Na neno kuganga katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaa nyumba moja: kutibu mgonjwa, na kuunga au kufunga kitu kilichovunjika. Hakuna mganga wa kweli afunikaye kidonda kibichi kwa kitambaa kizuri akadai ujira. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Asubuhi tulirudi Katwe tukasema: "Mzee, kata." Naye, kana kwamba alikuwa akilingoja neno hilo, alituuliza jambo ambalo huenda hakulijua kuwa ni la kifalsafa: "Nikiisha kukata vizingiti, na huu ukuta, na kuweka fremu nyingine, hili litakuwa gari lako lile, au jingine?"

Swali hili nalo lina historia. Plutarch anaeleza kwamba Waathene waliitunza merikebu ya Theseus kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mzima, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ni merikebu ile ile. Thomas Hobbes, mwaka 1655, aliongeza utata: vipi kama mtu angezikusanya mbao kuukuu zote na kuziunda upya? Ipi basi ni ya Theseus? Waingereza walilijibu swali hili kwa hesabu. Kwa miaka mingi idara yao ya usajili wa magari ilitumia kanuni ya alama: gari lililojengwa upya lilihitaji alama 8 ili libaki na namba zake za asili. Chesisi au bodi ilikuwa na alama 5, mfumo wa springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, na injini, ambayo wengi huidhani kuwa moyo wa gari, alama 1 tu. Bodi mpya kabisa yenye muundo ule ule iliweza kuhesabiwa, mradi mwenye gari awe na risiti yake. Lililopungukiwa na alama lilipewa namba yenye herufi Q, ishara kwamba asili yake haijulikani kwa yakini.

Tumeitafakari sana ile risiti. Sheria haikusema kwamba chuma cha zamani ni kitakatifu. Ilitaka kujua kilichobadilishwa, na kwamba kilibadilishwa mchana. Waathene nao walibadili mbao zao mbele ya watu. Kila mtu aliweza kuzihesabu. Ndiyo maana waliweza kubishana. Mtu hawezi hata kuuliza kama kitu ni kile kile ikiwa amefichwa kilichofanyika ndani yake. Basi tukamjibu Mzee, na ndilo jibu tunaloliweka mbele ya wenzetu: litakuwa gari lile lile, maadam tunaweza kueleza kila kipande kilichotoka na kila kipande kilichoingia. Lile lililokuwa na gazeti ndani ndilo lililokuwa jingine, kwani lilidai kuwa na ukuta ambao halikuwa nao. Kutengeneza ni namna ya kusema kweli, na anayeficha alichokitengeneza hajatengeneza.

Kabla ya kukata, tulimwita yule mwalimu. Mzee akampa bisibisi bila ya maelezo. Akaigusisha kwenye kizingiti, ikazama mpaka mpinini. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, ahsante. Nisingeuliza kamwe." Akaondoka. Hakununua gari, si siku ile wala baadaye, nasi hatumlaumu. Karo ya binti yetu tuliikopa katika chama chetu cha akiba na mikopo, na matengenezo tukayalipa kwa mafungu, na mkopo huo ulitubana mwaka mzima. Tunalisema hili kwa sababu insha nyingi za maadili humalizika kwa mkweli kupata tuzo. Sisi hatukupata tuzo. Methali inasema kizuri chajiuza. Ukweli wetu haukuuza kitu.

Kazi yenyewe ilitufundisha jambo ambalo hatukulitazamia. Tulidhani Mzee ataanza kwa tindo. Hakuanza hivyo. Kabla ya kuondoa hata kipande kimoja cha kizingiti kilichooza, alichomelea vyuma vya muda katika nafasi za milango. Tulipomwuliza, alisema kwamba kizingiti, hata kikiwa kibovu, ndicho kinachoishika bodi. Ukikiondoa bila ya kuitegemeza, bodi hujipinda, na milango haitafunga tena milele. Ndipo akakata, akirudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka cheche zikatoka kwenye chuma chenye kung'aa. Akaweka bati jipya la unene ule ule, akalichomelea kwa vipande vifupi vilivyoachana ili joto lisilikunje. Akapaka rangi ya zinki, na ndani ya mabomba ambako brashi haifiki akamimina nta. Fremu mpya tuliiagiza Uingereza, ambako vipuri vya Mini vinatengenezwa hadi leo. Boliti zilirudi zikiwa zimepakwa grisi, ili yule atakayezifungua siku moja asitulaani.

Sasa turudi kwetu, walimu. Ni nani kati yetu ambaye hajampa mwanafunzi alama za huruma? Mtoto amefika kidato cha tatu hawezi kupatanisha nomino na kitenzi chake. Tunajua. Lakini mwaka umekwisha, mzazi ni maskini, mkuu wa shule anataka matokeo mazuri, nasi tunaandika katika ripoti: "Amejitahidi." Mwalimu wa mwaka unaofuata hununua rangi ile, naye akiona kivimbe hupaka tena. Hatimaye mtoto mwenyewe huingia katika chumba cha mtihani akiwa na gazeti mahali ambapo pangekuwa na chuma. Hapana aliyesema uongo. Kila mmoja alinyamaza kidogo. Sisi tumefanya hivyo, si mara moja. Na wako wenzetu wengine, wakali, ambao hukimbilia tindo: humkata mtoto kila sentensi kwa kalamu nyekundu mpaka akapinda, asiandike tena. Mzee wa Katwe hakuwa wa kundi hili wala lile. Alitegemeza kwanza, kisha akakata mpaka kwenye uzima.

Gari bado tunalo. Ndani ya kabati lake la mbele kuna bahasha yenye picha za kila hatua: tundu, gazeti, kizingiti kilichozama bisibisi, ukuta mpya kabla ya kupakwa rangi. Siku tutakapoliuza, bahasha itakwenda nalo. Nyumba njema si mlango.

Lakini limebaki swali moja ambalo hatujaweza kulijibu, nasi tunawaachia wenzetu, tukitumaini kwamba watatuandikia. Kwa gari, tuliwahi: tuliona kabla ya kuuza. Je, vipi kuhusu yale tuliyokwisha kuyauza? Wako watu wazima mjini hapa, wengine ni walimu, ambao zamani tuliwapa alama tulizojua kuwa si zao. Wanatusalimu kwa heshima njiani. Je, tuwasimamishe tuwaambie?